Zero Yenye Silinda Tisa

Ukitaka kuipima kazi ya mtu anayejenga modeli za ndege za sinema, usianze na rangi. Chungulia kwa mbele, nyuma ya rafadha, uhesabu silinda. Zero halisi, ile A6M2 iliyoruka kutoka kwenye manowari za Japani mwaka 1941, ilikuwa na injini ya Sakae yenye silinda 14 zilizopangwa safu mbili. Zero iliyo juu ya meza yangu ina silinda 9, safu moja. Mgeni anayezijua ndege huinama, akahesabu, kisha akanitazama kwa huruma, kama amtazamaye mtu aliyekosea kuandika jina la mwanawe. Namwambia ahesabu tena taratibu. Silinda hizo tisa nimezipaka rangi moja moja, nikazitilia nyaya za plagi kwa nyuzi za shaba nilizozichomoa kwenye waya mkuukuu wa redio, na nisingekubali kuipunguzia hata moja wala kuiongezea.

Sikujenga ndege ya Wajapani. Nimejenga ndege iliyovishwa nguo za ndege ya Wajapani ili iigize katika filamu ya Tora! Tora! Tora!, iliyotoka mwaka 1970. Filamu hiyo inasimulia shambulio la Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba 1941. Upande wa Marekani uliongozwa na Richard Fleischer, na upande wa Japani na Toshio Masuda na Kinji Fukasaku. Walikuwa na hadithi, bahari na fedha, lakini ndege hawakuwa nazo. Baada ya vita ndege za Japani zilikuwa zimechomwa na kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu, na chache zilizosalia hazikutosha hata kwa onyesho moja la angani.

Basi wakazigeukia ndege za shule. North American T-6, ambayo Waingereza na Wakanada waliiita Harvard, ndiyo iliyowafundisha marubani wa nusu ya dunia. Zilijengwa zaidi ya 15,000. Ilikuwa imara, ina viti viwili, mwalimu nyuma na mwanafunzi mbele, na katika miaka ya 1960 iliweza kupatikana kwa bei ya kawaida. Mafundi wa California walizichukua, wakazitengenezea vioo vipya vya rubani, wakabadilisha vifuniko vya injini, wakazipa mabawa ncha za mviringo, zikawa Zero. Nyingine walizikata kiwiliwili na kukirefusha ili ziwe Kate, ndege ya kubeba topido. Kwa Val, ndege ya kurusha mabomu kwa kupiga mbizi, walichagua ndege nyingine ya mafunzo, Vultee BT-13, kwa kuwa magurudumu yake hayakunjwi, na ya Val pia hayakukunjwa. Wakayavalisha viatu vya bati, kazi ikaenda mbele.

Desemba 1968 ndege hizo zilikuwa juu ya sitaha ya USS Yorktown, meli ya Marekani ya kubeba ndege iliyojifanya Akagi, meli ya Japani. Mwezi huohuo meli ileile iliwaopoa baharini wanaanga wa Apollo 8 waliokuwa wametoka kuuzunguka mwezi. Kila ninapolikumbuka jambo hilo, nawafikiria mabaharia waliokuwa pale: wiki moja wanatazama mwaka 1941 ukiruka kutoka kwenye sitaha yao, wiki nyingine wanapokea watu waliouona upande wa nyuma wa mwezi.

Sasa tuje mezani. Kipimo changu ni 1/72, ambacho asili yake ni vipimo vya Kiingereza: inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege yenyewe. Kwa vipimo vyetu, milimita moja ni sentimita 7.2. Harvard ina upana wa mita 12.8 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, na Zero mita 12. Ukizigawa kwa 72, unabaki na tofauti ya milimita 11, karibu upana wa ukucha wa kidole gumba. Mtu anayenunua boksi la Zero, akalijenga vizuri na kuliita ndege ya Tora! Tora! Tora!, amezitupa milimita hizo 11, na amewatupa pia waliozitengeneza ndege za filamu. Lazima uanze na boksi la Harvard. Lazima uanze na mwigizaji mwenyewe, kisha umvalishe.

Kuvalisha huku kunadai uzijue ndege mbili kwa wakati mmoja. Unaitazama filamu, unaisimamisha, unairudisha nyuma. Unatafuta pale nguo inapoishia na mwili unapoanzia. Bawa ndilo linalosema ukweli kuliko sehemu nyingine zote. Kwenye Harvard ukingo wa mbele wa bawa hurudi nyuma kadiri unavyokwenda nchani, na ukingo wa nyuma umenyooka karibu kama rula. Kwenye Zero ni kinyume: wa mbele ndio ulionyooka, wa nyuma ndio unaopanda kuufuata. Walioziviringisha zile ncha walilijua jambo hili fika. Walijua pia kwamba mtazamaji atakuwa na sekunde mbili tu, ndege zikiwa nyingi, moshi ukiwa mwingi, na jua likiwa nyuma ya mabawa. Walifanya kilichotosha kwa sekunde hizo mbili. Kazi yangu ni kuiheshimu hesabu yao, nifike pale walipofika na nisiwapite hata kwa unywele.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na wengi huuchukulia kirahisi. Mkono ukizoea tupa na msasa hutaka kusahihisha. Unaona kifuniko cha injini ni kinene mno kwa Zero, na kidole kinaanza chenyewe kukisaga. Unaona pua imekuwa butu, unataka kuichonga. Mara mbili nimelazimika kujaza upya kwa puti mahali nilipokuwa nimepunguza kwa nia njema, kwa sababu nilikuwa nimeifanya modeli iwe sahihi kuliko ndege yenyewe. Kosa la wale mafundi ndilo mwandiko wao. Ukilifuta, umewafuta.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kioo cha rubani. Kile cha boksi la Harvard ni kirefu, cha watu wawili, hakifai. Nachonga umbo jipya kwa kipande cha mti laini, nalisugua kwa msasa ulioloweshwa maji mpaka linateleza mkononi kama sabuni iliyokwisha. Natafuta chupa ya maji ya plastiki iliyo safi, isiyo na mikwaruzo, naikata kitako, nalitia lile umbo ndani, nalikaza kwa vijiti lisicheze. Kisha naizungusha chupa juu ya makaa ya jiko, karibu lakini si karibu sana. Plastiki ya chupa ikipata moto hujikunja kurudi ndani. Utaiona ikiukumbatia mti, ikishika kila kona na kila mstari. Ukiwahi kuitoa, kona zinabaki zimevimba. Ukichelewa, inageuka nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, na chupa hiyo imekwenda. Nimeharibu chupa saba kwa kioo kimoja. Ya nane ilipopoa, nikaikata kwa wembe na kuinyanyua kuielekeza dirishani, nililiona jua likipita bila kupinda, nikakaa kitako sakafuni kwa furaha.

Mengine yanakwenda haraka. Waya wa antena ni plastiki ya fremu ile inayoshikilia vipande ndani ya boksi: unaipasha juu ya mshumaa, unaivuta kwa mikono miwili kwa pumzi moja, unapata uzi mwembamba kuliko unywele. Rangi hupakwa nyepesi nyepesi, baada ya andakoti ya kijivu ambayo hufichua kila mkwaruzo uliodhani umeumaliza. Madoa mekundu ya jua la Japani ni stika: huloweshwa majini na kutelezeshwa kwenye bawa kwa ncha ya brashi.

Si filamu hii pekee inayomfundisha mtu kutazama hivyo. Katika Battle of Britain ya mwaka 1969, Messerschmitt za Wajerumani ziliigizwa na Buchón za Hispania, ambazo zilitumia injini ya Merlin, injini ileile ya Spitfire iliyokuwa ikizifukuza. Injini ya Messerschmitt ya vita vile ililazwa kichwa chini, kwa hiyo mabomba yake ya moshi yalitokea chini ya pua. Merlin imekaa wima, na mabomba yake yako juu. Mjenzi anayeijenga ndege ya filamu huziba matundu ya chini na kutoboa mapya juu, halafu huongeza kidevu kinene chini ya pua. Na katika Top Gun ya 1986 kuna MiG-28, ndege ambayo Warusi hawakuwahi kuijenga. Ni F-5 za Marekani zilizopakwa rangi nyeusi. Hiyo humtaka mjenzi awe na rangi nyeusi nzuri na mkono uliotulia, basi.

Lakini mimi huirudia Harvard, na nina sababu yangu.

Nilipokuwa mvulana nilikwenda likizo kwa nyanya yangu, upande wa Nyeri. Alasiri moja televisheni ilikuwa ikionyesha Tora! Tora! Tora!. Nyanya alikuwa jikoni, hakuwa akiiangalia. Zero zilipoanza kupita chini chini juu ya viwanja vya Hawaii, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakutazama kioo. Alitazama dari.

"Hiyo ndege naijua," alisema.

"Nyanya, hiyo ni ya Wajapani. Ni ya sinema."

"Wajapani gani? Hiyo ilikuwa ikitokea Mweiga."

Nilidhani ni uzee. Miaka ikapita kabla sijasoma nikaelewa. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, jeshi la anga la Uingereza lilileta Kenya kikosi chake namba 1340, na ndege zake zilikuwa Harvard. Kilikaa Thika, kisha Mweiga, chini ya milima ya Nyandarua, kikiangusha msituni mabomu madogo ya ratili 20 juu ya wapiganaji wa Mau Mau, hadi kilipovunjwa mwaka 1955. Nyanya yangu alikuwa msichana wa kuteka maji. Na mlio wa Harvard ukiusikia huusahau: rafadha yake imeungwa moja kwa moja kwenye injini bila gia, hivyo ncha zake huzunguka karibu na kasi ya sauti yenyewe, na ndege hupita ikiipasua hewa kama turubai zito linalochanwa. Waliovisha ndege zile nguo walibadilisha vioo, pua na ncha za mabawa. Mlio waliuacha, kwa sababu mlio hauvishwi nguo. Mimi niliyekuwa nikitazama kwa macho nilidanganyika. Nyanya, aliyekuwa akikoroga mboga, hakudanganyika.

Tangu nilipolielewa jambo hilo, kazi hii imekuwa na uzito mwingine mikononi mwangu. Ninapokata plastiki ya Harvard nakumbuka kwamba ndege hiyo ilikwisha kuwa vitu vingi kabla haijawa Zero. Huko Kanada ilikuwa shule. Kwetu haikuwa shule. Ndiyo maana katika modeli hii nimeweka kiti cha nyuma, cha pili, mahali pake palepale, na mikanda yake ya karatasi ya sigara, ingawa kioo kipya ni kifupi, eneo hilo limefunikwa, na hakuna atakayekiona. Na ndiyo maana tumbo lake sikuligusa. Ukiacha zile ncha mbili, chini ni Harvard tupu: mistari ya mabati, visima vya magurudumu, lile bawa lenye ukingo wa mbele unaorudi nyuma.

Nilipoimaliza nilimpelekea. Sasa ni mzee sana, na macho yake yanachagua cha kuona. Niliiweka viganjani mwake. Aliigeuza, akapitisha kidole juu ya vile viduara vyekundu, havikumwambia kitu. Akagusa kioo. Akanirudishia.

"Iinue," alisema.

Nikaiinua juu ya kichwa changu.

"Juu zaidi. Na iende, isisimame."

Nikasimama kwenye kigoda, nikaipitisha taratibu kutoka upande wa dirisha kuelekea mlangoni, tumbo likimtazama. Aliifuata uso wake ukiwa umeinuka, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwani kisianguke, mpaka ndege ilipompita.

"Eee," alisema. "Hiyo."