Zilipendwa au Zisizochuja? Tahakiki Fupi ya Michezo ya Video ya Miaka ya Karibuni

Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili na wa tatu wamekuwa wakituletea swali ambalo halimo katika muhtasari wa somo la uhakiki: je, mchezo wa video unaweza kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora, zile ambazo vizazi vijavyo vitazirudia kama sisi tunavyozirudia tenzi na riwaya? Baadhi ya wenzetu idarani hulicheka swali hili. Sisi hatulicheki, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa vijana wanaoingia madarasani mwetu wamekwisha kukutana na visa, wahusika na mafumbo kwenye skrini kabla hawajafungua riwaya hata moja ya Kiswahili. Pili, mhakiki anayeshindwa kueleza kwa nini mchezo huu utadumu na ule utasahaulika, tuna wasiwasi kama kweli anajua kwa nini utenzi fulani umedumu na mwingine umepotea.

Tuanze na istilahi, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina neno zuri ambalo wahakiki wamewaachia watangazaji wa redio, nalo ni "zilipendwa". Kiambishi cha wakati kilichomo ndani yake kimekwisha kutoa hukumu: zilipendwa wakati ule, na mara nyingi anayezipenda leo anaupenda ujana wake kuliko nyimbo zenyewe. Mchezo wa nyoka uliokuja na simu za Nokia kuanzia mwaka 1997 tunauweka katika kundi hilo, hata kama tutagombana na watu wa rika letu. Kazi isiyochuja ni jambo jingine. Usemi huu umetoka kwenye kitambaa: kisichochuja ni kile kinachofuliwa mara nyingi na kubaki na rangi yake. Kwa hiyo la kuuliza si kama mchezo unang'aa leo. Tuulize utakuwaje utakapofuliwa, yaani mashine yake itakapokuwa imekufa, na mchezaji awe mtu ambaye hakuwa amezaliwa ulipotolewa.

Kipimo hiki kinawaondoa wengi mapema, hasa michezo inayosifiwa kwa kufanana na filamu. Chukua The Last of Us ya mwaka 2013. Ni kazi iliyoliza watu wazima. Hata hivyo ilisafishwa na kutolewa tena mwaka 2014, kisha ikatengenezwa upya mwaka 2022, kwa sababu uzuri uliotegemea picha unazeeka haraka kuliko waliouunda. Mwaka 2023 kisa chake kilihamishiwa kwenye tamthilia ya televisheni, na waliokitazama bila kugusa kidhibiti walikielewa na kukililia vilevile. Sisi tunaona hapo kuna tatizo la kihakiki. Kama kiini cha kazi kinaweza kuondolewa mikononi mwa mchezaji bila kupoteza kitu kikubwa, basi kisa ndicho kitakachodumu, na mchezo wenyewe utabaki kuwa zilipendwa.

Tulinganishe na Tetris, ambao Alexey Pajitnov aliutunga mjini Moscow mwaka 1984. Hauna mhusika, hauna mandhari, hauna kisa. Una maumbo yanayoshuka na mkono unaoyapanga. Umehamia kwenye kila mashine tangu wakati huo na hakuna aliyehitaji kuurembesha ili ueleweke. Unadumu kwa njia iliyoudumisha mchezo wa bao huko pwani, omweso hapa kwetu Uganda na igisoro kwa jirani zetu wa Rwanda: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na kanuni zinazokaa kichwani. Hata ubao ukivunjika, watu huchimba mashimo ardhini wakaendelea. Hakuna kampuni inayoweza kulifunga bao.

Miongoni mwa michezo ya karibuni, unaokaribia zaidi hali ya bao ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild, uliotolewa na Nintendo mwaka 2017. Kisa chake ni chepesi: binti mfalme, jumba lililovamiwa, shujaa aliyelala miaka mia moja. Tumeyasikia hayo tangu utotoni. Utajiri wake umo katika kanuni zake chache ambazo hazidanganyi. Moto huunguza nyasi, nyasi zinazoungua hupandisha hewa ya moto, na hewa hiyo humwinua mchezaji anayefungua kitambaa chake cha kupaa. Radi hufuata chuma, hivyo mwenye busara huvua upanga wake mvua inapoanza, na mwenye hila humtupia adui upanga huo. Hakuna anayemfundisha mchezaji mambo haya kwa mhadhara. Anayagundua, na baada ya hapo anaanza kutunga sentensi zake mwenyewe, kama mwanafunzi aliyekwisha kushika upatanisho wa kisarufi. Tunauweka mchezo huu katika orodha yetu bila kusitasita.

Ugumu unaanza tunapofika kwenye kundi la pili. Wahakiki wamezoea kusema kwamba kazi bora ni ile inayosomeka upya. Sasa tufanye nini na mchezo ambao ukishauchezwa hadi mwisho huwezi kuucheza tena?

Outer Wilds ulianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, ukatolewa rasmi mwaka 2019. (Wanafunzi wetu wa uzamili wanaolalamika kwamba tasnifu haimfikishi mtu popote na wauchukulie kama faraja.) Mchezaji ni mwanaanga katika mfumo mdogo wa sayari ambao jua lake hulipuka baada ya dakika ishirini na mbili, anakufa, anaamka tena palepale alipoanzia, muda umerudi nyuma. Hapati silaha, haongezewi nguvu. Anachobaki nacho baada ya kila kifo ni ujuzi peke yake: maandishi aliyoyasoma kwenye kuta za watu waliotoweka, na yale aliyoyaona kwa macho yake. Kinadharia angeweza kuumaliza mchezo katika jaribio lake la kwanza kabisa, kama angejua. Hajui, na kutojua huko ndiko mchezo wenyewe. Akishajua, umekwisha.

Return of the Obra Dinn wa Lucas Pope, uliotolewa mwaka 2018, una tabia hiyohiyo. Merikebu iliyopotea safarini inarudi Uingereza mwaka 1807 bila mtu aliye hai ndani yake. Mkaguzi wa bima wa Kampuni ya India Mashariki anatumwa kuandika yaliyowapata watu sitini waliokuwamo: nani ni nani, alikufaje, kwa mkono wa nani. Ana saa ya mfukoni ambayo, akisimama mbele ya mabaki ya maiti, humsikilizisha sauti za mwisho na kisha kumwonyesha ile nukta ya kifo ikiwa imeganda. Walimu wa lugha wangeupenda kwa sababu ushahidi mwingi ni wa lugha. Mabaharia wametoka nchi mbalimbali, na mara nyingi mtu hutambuliwa kwa lafudhi yake, kwa lugha anayolalamikia maumivu, au kwa jina ambalo mwenzake amemwita gizani mara moja tu. Mchezo hauthibitishi jibu mojamoja. Hungoja hadi mkaguzi apatie majibu matatu, ili asibahatishe. Picha zake ni za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, kwa mtindo wa kompyuta za zamani. Mwaka 2018 zilionekana za kizamani tayari, na kwa hiyo hazina pa kuzeekea.

Tunarudi kwenye pingamizi la kusoma upya. Jibu letu ni kwamba wahakiki wamelitoa sharti hilo kwenye riwaya na ushairi andishi, wakazisahau tanzu fupi za fasihi simulizi. Kitendawili hakitegwi mara mbili kwa mtu yuleyule. Kikishateguliwa, kwake kimekwisha. Lakini hakifi, kwa sababu aliyekitegua huondoka nacho na kwenda kumtafuta ambaye hajakisikia. Raha yake ya pili ni kuketi kimya akimwangalia mwenzake akihangaika, huku akijizuia kumtajia jibu. Hivyo ndivyo wachezaji wa Outer Wilds na Obra Dinn wanavyofanya. Huwasihi marafiki zao wacheze, hukataa kuwaeleza chochote, kisha huketi karibu nao kutazama. Mchezo unaorithishwa kwa namna hii una njia ya kuendelea kuishi ambayo haitegemei matangazo. Tukilazimishwa kuchagua mmoja tu kati ya yote tuliyoyataja, tutachagua Obra Dinn.

Kuna Disco Elysium pia, wa mwaka 2019, uliotungwa na kundi la wasanii wa Estonia wakiongozwa na mwandishi Robert Kurvitz. Huu ni mchezo wa kusoma, wenye maneno zaidi ya milioni moja. Mpelelezi aliyepoteza kumbukumbu kwa ulevi anachunguza mauaji, na stadi zake ishirini na nne, kama vile mantiki, huruma na woga, humsemesha kichwani na kubishana zenyewe kwa zenyewe. Mwanafunzi anayetaka kuona uzungumzinafsi ukigeuzwa mkutano wa hadhara atauona hapa. Tunaamini utadumu, ila tunadhani utadumu kama riwaya inavyodumu: kwa wasomaji wachache wakaidi na kwa tafsiri. Na hapo ndipo sisi tunapobaki nje, kwani si huu wala mingine mitatu tuliyokwisha kuisifu iliyotolewa rasmi kwa Kiswahili.

Elden Ring wa mwaka 2022 na Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023 ilinyakua tuzo kubwa na ina mashabiki hata humu idarani. Hatuikatai. Tunangoja tu makelele yapoe, na wa kwanza tunawaachia wenye vidole vyepesi.

Sasa tuseme wazi jambo linalotutia hofu, kwa sababu ubora peke yake hautoshi. Utenzi uliweza kungoja miaka mingi sandukuni kwa mtu ukiwa umeandikwa kwa hati za Kiarabu, hadi mtafiti alipoupata. Mchezo wa video hauwezi kungoja hivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Machi mwaka huohuo Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake mbili, Wii U na 3DS. Kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew mwishoni mwa Machi 2024, na watu walioununua kihalali tangu mwaka 2014 hawakuweza kuucheza tena hata wakiwa peke yao nyumbani. Hasira zao zilizaa kampeni ya kudai michezo isiuawe kwa namna hiyo. Concord wa Sony ulitolewa Agosti 2024 na kuondolewa baada ya wiki mbili. Michezo mingi ambayo wanafunzi wetu wanaicheza kwenye simu inategemea mitambo ya mwenyewe kwa namna hiyohiyo. Siku atakapoizima, hakutakuwa na nakala ya kuhakiki, na mtafiti wa mwaka 2050 atakayetaka kujua kizazi hiki kilichezea nini atasoma masimulizi tu ya waliokuwapo.

Tumeuacha mwishoni mchezo ambao huenda usiwe kazi bora ya dunia lakini unatuhusu sisi kuliko mingine yote. Chants of Sennaar ulitolewa mwaka 2023 na Rundisc, kampuni ndogo ya Ufaransa. Mchezaji anapanda mnara unaokumbusha ule wa Babeli. Katika ngazi zake wanaishi watu wa jamii tano wasioelewana, kila jamii na alama zake za maandishi. Mchezaji anasikiliza, anatazama ishara za mikono na mabango, na kuandika makisio yake daftarini. Mchezo humthibitishia anapolinganisha alama kadhaa na michoro sahihi. Jamii ya kwanza, waumini, huonyesha wingi kwa kurudufu alama: mtu mtu maana yake watu. Ya pili, askari, ina alama ya pekee ya wingi inayotangulia nomino, jambo ambalo mwanafunzi wa ngeli atalitambua mara moja. Malenga wa ngazi ya tatu hutanguliza yambwa kabla ya kiima. Tumewahi kutumia muhadhara mzima kueleza mpangilio wa namna hiyo bila mafanikio; mchezo unaueleza kwa kumwacha mtu akosee.

Kasoro zake tunazijua. Sehemu za kujificha na kunyatia walinzi zinachosha na hazina uhusiano wowote na lugha. Tena kila alama ikithibitishwa hupewa neno moja la lugha ya mchezaji, na hapo mfasiri wa Kiswahili angepata kazi. Alama ya "mimi" ikifuatwa na ya "kufungua", aandike "mimi kufungua", au akubali kwamba kwetu hayo ni neno moja, "ninafungua", na alama mbili zikalie neno moja?

Hata hivyo daftari la makisio linamruhusu mchezaji aandike kwa lugha aitakayo. Tuliujaribu na wanafunzi sita wakiwa wameizunguka kompyuta moja, kwa sharti kwamba makisio yote yaandikwe kwa Kiswahili. Kwa alama ileile moja, wa kwanza aliandika "mlango", wa pili akamkatalia na kuandika "fungua", na wa tatu, anayetoka Kisoro, akashikilia kwamba ni "pita". Walibishana kwa Kiswahili kwa muda wa robo saa, bila mtu kuwalazimisha, mpaka msimamizi alipotutoa chumbani kwa kuwa kulikuwa na mtihani wa idara nyingine.