Si kila fangasi ni adui wa mti

Kasoro ya maelezo mengi kuhusu fangasi ni hii: akionekana kwenye mti, basi ni kimelea. Siyo kweli, jamani. Chukua misitu ya miombo, inakotoka sehemu kubwa ya mkaa tunaonunua Manzese. Fangasi wengi mizizini humo ni wabia: wanaupa mti maji na fosforasi, nao wanalipwa sukari. Uyoga wa njano unaolika, Cantharellus, ni wao. Kimelea hasa ni Armillaria: anaozesha mizizi, anaua mti, kisha anajificha kisikini na kuvamia miti ya jirani. Kwa hiyo ukikata mti, unamnyima mbia chakula na kumwachia kimelea kisiki. Ukiwaita wote maadui, hasara hiyo utaionaje?