Jicho Nalo Hufunzwa

Mwekee mtoto wa Mbumbuni, kule Makueni, kiondo mezani, umwambie akichore. Mara nyingi mdomo wa kiondo atauchora duara kamili, kana kwamba anakiangalia kutoka juu, na kitako atakipiga mstari ulionyooka. Si kwamba mkono wake ni mzito. Anajua mdomo wa kiondo ni mviringo, basi anachora anachokijua na kuacha anachokiona. Pale alipoketi, mdomo ule umebonyea kama yai, na milia iliyosukwa na nyanya yake imepinda kuufuata.

Mwaka 1997, wanasaikolojia wa Marekani Dale Cohen na Susan Bennett walichunguza kwa nini watu wazima wengi hushindwa kuchora kitu kilicho mbele ya macho yao. Walichambua sababu moja baada ya nyingine, wakaona kwamba chanzo kikubwa ni jinsi mtu anavyokielewa vibaya kile anachokitazama. Udhaifu wa mkono unachangia kidogo sana. Ndiyo maana naienzi sanaa hii. Kuchora ni kuona, na kuona kunafundishika. Neno "hana kipaji" limewakatisha tamaa watoto wengi mno bila sababu.

Huko Paris, mwalimu wa uchoraji Horace Lecoq de Boisbaudran alichapisha mwaka 1848 kitabu kidogo kuhusu kuizoeza kumbukumbu ya mchoraji. Wanafunzi wake, Auguste Rodin akiwa mmoja wao, walikitazama kitu kwa makini, kisha wakakichora kikiwa hakipo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba msomaji anayefunga kitabu na kujaribu kukumbuka hubakiwa na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko anayesoma tena na tena. Wao walipima usomaji, lakini mwalimu yule wa Paris alikuwa ameishika njia hiyo hiyo zamani.

Darasani Mbumbuni hilo halihitaji fedha. Kiondo kikae mezani dakika mbili, penseli zikiwa chini. Kifunikwe kwa leso, watoto wachore. Kisha kifunuliwe, kila mmoja asahihishe mchoro wake kwa rangi nyingine. Aliyechora duara ataliona kosa kwa macho yake mwenyewe, na hakuna maelezo ya ubaoni yanayoweza kumfunza kiasi hicho.

Kesho yake waletewe jembe au jani la mwembe, au watoke nje wachore matuta ya mlimani. Kiondo kirudi wiki ijayo. Wanasaikolojia Nate Kornell na Robert Bjork walionyesha mwaka 2008 kwamba watu hutambua mtindo wa wachoraji vizuri zaidi wanapoonyeshwa kazi zao zikiwa zimechanganywa; ajabu ni kwamba wengi wao waliamini kinyume chake. Kwa hiyo watoto wakilalamika kwamba wanarukishwa-rukishwa, mwalimu asiyumbe.

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umeipa sanaa nafasi darasani, ila nafasi hiyo huishia mara nyingi kwenye kunakili picha za kitabuni. Mchoraji Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, amepinga kunakili maisha yake yote.

Mwalimu, karatasi zikikosekana, uwanja wa shule una vumbi na vijiti havikosekani. Anza na kiondo.