Pembesita tano kutoka Gitega hadi Muyinga

Niliweka rula juu ya ramani ya Burundi. Kutoka Gitega hadi Muyinga, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 80. Katika Chult, nchi ya kubuni ya mchezo wetu wa mezani, ramani imegawanywa kwa pembesita zenye upana wa maili 10, yaani kilomita 16, na mwenda kwa miguu hupita pembesita moja kwa siku. Kwa kipimo hicho, Muyinga ni safari ya siku tano. Mchezaji wetu mmoja, ambaye riziki yake ni kuendesha Probox ya abiria kwenye barabara hiyohiyo, alicheka mpaka akaweka dadu chini.

"Kaka, mimi huko naenda na kurudi kabla ya magharibi. Mafuta yakipatikana lakini."

Mafuta hayakuwa yakipatikana, na ndiyo maana tulikuwa na jioni nyingi za kucheza.

Kitabu tulichokuwa tukikicheza ni Tomb of Annihilation, kilichotolewa na Wizards of the Coast mwezi Septemba 2017 kwa ajili ya Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao mmoja husimulia, wengine huamua wahusika wao wafanye nini, na penye shaka dadu hukata shauri. Laana imeingia duniani: kila aliyewahi kufufuliwa kwa uchawi ananyauka siku hadi siku, na chanzo kimefichwa kaburini, chini ya Omu, mji uliopotea ndani ya misitu ya Chult. Vitabu vya namna hii watu huvichambua kama riwaya: hadithi tamu, adui anatisha, michoro inapendeza. Mimi nina swali moja tu. Wachezaji wakiacha njia, msimulizi amebaki na nini mkononi?

Hapa kitabu kinafanya kazi nzuri sana, na inafaa kuona fundi alivyopima. Wachezaji hupewa ramani inayoonyesha pwani, lakini bara ni karibu tupu. Kila siku anayeongoza msafara hurusha dadu la pande 20 na kuongeza ujuzi wake wa porini. Msituni anatakiwa afikishe 15. Wetu alikuwa na nyongeza ya 5, kwa hiyo dadu lazima lionyeshe 10 au zaidi: nafasi 11 kati ya 20. Nusu na kidogo, si haba. Lakini ukizidisha kwa siku tano mfululizo, nafasi ya kufika bila kupotea hata mara moja ni asilimia 5. Katika misafara 20 ya kwenda Muyinga, mmoja tu ungenyooka.

Na kupotea kwenyewe kumebuniwa kwa akili. Msimulizi hurusha dadu la pande sita kwa siri, kila upande wa dadu ukiwa upande mmoja wa pembesita, kisha anauhamisha msafara kwenye ramani yake bila kusema neno. Wachezaji wanaendelea kuchora ramani yao kwa kujiamini. Kuanzia hapo mezani kuna nchi mbili, na ile ya uongo wameichora wenyewe. Sijaona kanuni fupi kuliko hiyo inayozaa hofu nyingi kiasi hicho.

Asubuhi, mchana na usiku hurushwa dadu jingine kuona kama kuna jambo njiani. Ikitoka 16 au zaidi, lipo. Robo kila mara, kwa hiyo siku zinazopita kimya kabisa ni kama asilimia 42 tu. Jambo lenyewe hutegemea mahali: msitu usio na wafu wanaotembea una orodha yake, wenye wachache una yake, wenye wengi una yake. Mchezaji hahitaji kuambiwa kwamba amekaribia pabaya. Ataona mwenyewe kwa anaokutana nao.

Kilichonivutia zaidi ni viongozi wa njia wanaokodishwa bandarini Port Nyanzaru. (Anayekusudia kucheza aruke aya hii.) Kila mmoja anajua njia, na kila mmoja ana lake moyoni. Hew Hackinstone, mbilikimo wa mkono mmoja, ana kisasi na joka lililoteka mgodi, na atawapeleka huko mtake msitake. Azaka Stormfang anatafuta kinyago chake kilichoko juu ya mnara wa mwamba. Salida ni jasusi. Badala ya kumwagia msimulizi kurasa za jiografia, waandishi wameitia jiografia ndani ya tamaa za watu. Ukichagua kiongozi umechagua njia, na bado hujui umechagua nini.

Kosa kubwa ni saa. Laana inanyonya uhai wa wagonjwa kila siku, akiwemo anayewatuma wachezaji, kwa hiyo mtu mwenye utu atakimbia. Lakini uzuri wote wa sura ya pili, ile ya safari ya msituni, uko katika kuzurura. Ramani inasema tembeeni mwone, saa inasema mnachelewa, na mezani saa hushinda. Mimi niliifanya laana inyonye mara moja kila siku kumi. Mchezo ukapumua.

Kosa la pili lilionwa na dereva wetu. Siku ya nne msituni aliuliza, "Mzee, sasa hawa wenyeji wanaishi wapi?" Nikakosa jibu. Nje ya bandari na kambi chache, Chult ni magofu, wanyama na wafu. Pembesita moja ni kilomita za mraba 220 hivi. Kwa sensa ya 2008, Burundi ilikuwa na watu milioni 8 kwenye kilomita za mraba 27,834. Pembesita ya wastani hapa ingekuwa na watu zaidi ya 60,000. Hata Hifadhi ya Ruvubu, kubwa kuliko zote nchini, inayofika hadi upande wa Muyinga, haijazi pembesita mbili na nusu. Pori tupu la siku tano ni ndoto ya mtu asiyewahi kupita Karuzi, njiani kwenda Muyinga. Majina nayo yameokotwa: ndani ya Nyanzaru sisi tunasikia nyanza, na kuna tajiri aitwaye Wakanga O'tamu. Utamu wa nini, kitabu hakisemi. Na Azaka, bibi wa msituni, hugeuka chui milia, mnyama ambaye Afrika haimjui.

Kitabu cha zamani zaidi, Nyambe cha Christopher Dolunt, kilichotolewa na Atlas Games mwaka 2002, kina mataifa na dini za kutosha, ila hicho ni kitabu cha nchi, si cha safari.

Basi tulichukua kanuni za Chult tukazihamishia vilimani kwetu. Pembesita ya kwanza kaskazini mwa Gitega ina Gishora, ambapo kwa mapokeo mfalme Mwezi Gisabo alijenga baada ya kumshinda Ntibirangwa aliyemwasi, na ambapo ngoma za Ruciteme na Murimirwa zimetunzwa. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Maana hiyo moja ilibadilisha mchezo: wachezaji walipopanga kuiba ngoma ya kubuni, mwenzao mmoja, kijana wa Muyinga, aliwazuia, "Huo si wizi, ni uasi." Wakajadiliana nusu saa, hakuna dadu lililorushwa. Orodha ya mambo ya njiani nayo ikageuka: wanyama mistari mitatu, na kesi ya ng'ombe mbele ya Bashingantahe, wazee waamuzi wa Burundi, ambayo huwezi kuimaliza kwa upanga.

Hukumu yangu: sura ya pili na orodha za mambo ya njiani zinastahili bei ya kitabu kizima. Rekebisha saa, jaza watu. Msafara wetu uko pembesita ya tatu, umepotea upande wa mashariki, na kwa ramani yao wenyewe walishafika Muyinga juzi.