Jicho la Mfuga Vinyonga

Miongoni mwa stadi zinazodai uvumilivu kuliko nguvu za mikono, ufugaji wa kinyonga wa pembe tatu, ambaye mtaalamu wa wanyama Boulenger alimweleza mwaka 1896 na kumpa jina la Frederick Jackson, unastahili heshima ya pekee, kwa kuwa mfugaji hutakiwa kuitambua asili ya mnyama kabla ya kufikiria kumlisha. Nyumbani kwake, katika nyanda za juu za Kenya na kwenye Mlima Meru nchini Tanzania, lumbwi huyu huogopwa na kukwepwa zaidi kuliko anavyotazamwa. Wafugaji wengi waliomtazama kwa miaka walikuwa Marekani na Ulaya, na hilo lenyewe lina uchungu wake.

Wataalamu humgawa katika nususpishi tatu, yaani makundi ya spishi moja yaliyotofautiana kwa kuishi mbalimbali: jacksonii wa pande za Nairobi, merumontanus wa Mlima Meru, aliyeelezwa na Rand mwaka 1958, na xantholophus wa miteremko ya Mlima Kenya, ambaye jina lake la Kigiriki lina maana ya kishungi cha manjano na ambaye hakutengwa na wenzake hadi mwaka 1988. Mnunuzi wa kawaida huziona pembe tatu za dume akaridhika, ilhali madume wa makundi yote matatu wanazo. Mjuzi humgeukia jike. Jike wa xantholophus kwa kawaida hana pembe, wa merumontanus huwa na moja juu ya pua, na wa jacksonii huwa nazo kwa idadi inayobadilika, jambo linalomlazimu mfugaji kupima pia umbo zima, kwani merumontanus ni mdogo kuliko wenzake na xantholophus ndiye mkubwa.

Hata hivyo, utukufu wa stadi hii umo katika maji. Kinyonga kwa kawaida hanywi katika bakuli, hata likijazwa maji safi kila asubuhi. Yeye hunywa tone linalometameta juu ya jani, kama umande wa mlimani, na mfugaji aliyefundwa vizuri huning'iniza chombo chenye kitundu juu ya matawi, akaacha tone moja lifuate jingine, kisha akasubiri. Kusubiri huku ndiko kazi yenyewe: jicho moja la mnyama hugeukia jani huku la pili likimchunga binadamu, shingo ikanyooka polepole, mdomo ukalamba. Kizimba huwa cha wavu ili hewa ipite, usiku huachwa upoe kama unavyopoa milimani, na kila kinyonga hukaa peke yake, kwa maana kumwona mwenziwe kila siku humdhoofisha. Wadudu wake hunyunyiziwa unga wa kalisi, na taa humpa miali ya urujuanimno, yaani mwanga wa jua usioonekana kwa macho, ambao ukikosekana mifupa hulainika.

Stadi hii ilitegemea kumbukumbu ya mahali, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyopotea kwanza. Mwaka 1972 vinyonga wa xantholophus waliopelekwa Oahu, katika visiwa vya Hawaii, waliachiwa bustanini wapate nafuu baada ya safari, wakatawanyika na kuzaliana. Kenya ilipozuia usafirishaji mwaka 1981, wazao wa bustani hiyo wakawa chemchemi kuu ya soko la Marekani. Kwa kuwa jike huzaa watoto hai, pengine zaidi ya ishirini kwa mara moja, biashara ilipata wingi upesi kuliko ilivyopata wajuzi. Mwenye haraka alimweka jike yeyote na dume yeyote, ilimradi pembe zihesabike. Kadi ya kizimba, ambamo wafugaji waangalifu waliandika nususpishi, mlima na wazazi wa kila mnyama, ikabaki na maneno mawili tu: pembe tatu.