Pinboli Kiritiri: Njoo Uishike Mwenyewe!

Rafiki yangu, acha hilo unalofanya unisikilize! Natoka sokoni Kiritiri, huku Mbeere, sasa hivi, vidole bado vinanicheza, masikio yamejaa ting-ting-trrrr! Nimecheza Pinball! Ile ile ya Nintendo ya mwaka 1984, imo kwenye kaseti ya gemu nyingi, unachomeka mashine kwenye runinga, basi!

Unafyatua mpira. Mdogo, mwepesi, mkorofi kweli kweli! Unagonga hapa, unaruka pale, unajifanya umetulia, kisha huo unateremka mbio kwenye pengo la vipigio viwili, roho inakuruka, kidole gumba kinabonyeza, pa! Umeokoka, umerudi juu, unapiga kelele hadi watu wa bodaboda wanachungulia mlangoni, na bado!

Ukipanda juu kabisa, picha yote inabadilika ghafla, kumbe kuna meza nyingine! Halafu kuna shimo moja, ukidumbukia humo unakutana na nani? Mario! Amebeba ubao, unamkimbiza kushoto kulia mpira usianguke, na huko juu kuna msichana amenaswa. Sakafu yake inabomoka kidogo kidogo, anadondoka, mdake! Mdake umfikishe mlangoni! Mimi jasho lilinitoka, na si jua la Mbeere.

Lakini ngoja, hili ndilo lililonimaliza kabisa: ukifika pointi 100,000, vipigio vinatoweka! Vipo, vinapiga, ila huvioni hata kidogo! Unacheza kwa kukumbuka tu, macho yametoka, pumzi umeishika. Aliyeandika programu ya gemu hii ni Satoru Iwata, kijana wa HAL Laboratory wakati huo, huyo huyo aliyekuja kuwa rais wa Nintendo mwaka 2002. Mtu huyu alipenda mchezo, ukiishika tu utajua!

Na haihitaji kufundishwa. Mama mmoja muuza ndengu alikuja kutazama tu, akapewa zamu, mara hiyo hiyo akawa anaruka na kucheka na kuukemea mpira kwa Kimbeere, hataki kabisa kuachilia! Zile gemu mpya za kung'aa zenye vitufe chungu nzima zimemfanyia nani hivyo?

Njoo leo jioni, tafadhali, tucheze wawili kwa zamu. Na hayo yote niliyokusimulia ni uchezaji wa kwanza, Game A tu. Kwenye Game B mpira una kasi, kasi ya kutisha, kasi tamu, na bado!