Sauti Imefia Wapi?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za shule zimebaki njia panda. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na zile Dell na HP za mezani zilizoingia kama mitumba mara nyingi hazina vyote viwili. Hata huku kwetu Kisoko ni hivyo. Jina hilo liko pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya: liko Tororo kwa Wajopadhola, na liko Nambale katika kaunti ya Busia kwa Wakhayo. Pande zote mbili hesabu ni ileile. Kama shule haina pesa za mashine mpya na ile ya zamani bado ina nguvu, njia iliyo wazi ni kuiwekea Linux, na wengi huchagua Linux Mint, kwa kuwa ni ya bure na haiilemei mashine kuukuu.

Siku ya kwanza kila mtu hufurahi. Mashine inawaka haraka, na virusi vilivyozoea kuhama kwa flash havipati pa kushika. Halafu mwalimu wa Biolojia anafungua video ya moyo na mzunguko wa damu, na mashine haitoi hata mkwaruzo. Mashine ya pili inatoa sauti vizuri, lakini picha imevimba: herufi nene, aikoni kubwa kupita kiasi, duara linaonekana kama yai lililolala. Hapo fundi anaitwa, na hapo ndipo ufundi unapojulikana.

Fundi ninayetaka kumsifu si yule anayeitazama mashine nusu dakika, akatikisa kichwa na kusema, “Hii tuipige upya yote.” Namsifu anayevuta kiti.

“Fundi, hizi spika zimekufa.”

“Bado, mwalimu. Hebu tuziulize kwanza.”

Anachomoa waya wa spika kwenye kompyuta, anauchomeka kwenye simu yake, wimbo unalia. Spika ni nzima. Hajafungua hata skrubu moja, na tayari anajua kwamba shida iko nyuma ya tundu.

Ndani ya Linux sauti husafiri. Inaanzia kwenye programu, tuseme VLC. VLC inaikabidhi PipeWire, ambayo kazi yake ni kuchanganya sauti za programu zote na kuamua zielekezwe wapi. PipeWire inaikabidhi ALSA iliyo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. ALSA inazungumza na chipu ya sauti, ambayo kwenye mashine hizi mara nyingi ni ya Realtek. Chipu inatoa umeme mdogo kwenye tundu, na kutoka hapo unafika kwenye spika. Kila kituo kati ya hivyo kinaweza kuinyamazisha. Anayesafirisha mizigo kupitia mpaka wa Malaba anaelewa hili bila kufundishwa: lori lisipofika Kampala, huanzi kwa kununua lori jingine, unapiga simu kituo kwa kituo kuuliza makaratasi yaligongwa mhuri wapi mara ya mwisho.

Fundi mzuri hukata njia hiyo katikati. Anafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, anaandika aplay -l, na kerneli inamjibu kama inaiona kadi ya sauti au haiioni. Ikiiona, vyuma na draiva vimetoka kwenye orodha ya washukiwa kwa sehemu kubwa, na anapanda juu kwenye mipangilio. Isipoiona, kwenye mipangilio ya sauti utakuta imeandikwa “Dummy Output”, yaani sauti inamwagwa pasipo na mtu wa kuipokea, na hapo anashuka chini kwenye draiva na BIOS.

Kisha anaita alsamixer. Ukiwahi kukaa karibu na mtu anayeitumia vizuri, tazama mikono yake. Skrini inakuwa nyeusi, milia ya sauti inasimama kama nguzo, na chini ya kila mlia kuna kisanduku kidogo. Kikiandikwa MM, mlango umefungwa. Anasogea kwa mshale hadi kwenye mlia wenye MM, anabonyeza herufi M mara moja, kisanduku kinageuka OO ya kijani. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Isipoishia, anaendelea kusogea kulia hadi kwenye neno ambalo wengi hawafiki: Auto-Mute Mode. Hiki ndicho kinachozima spika pale mtu anapochomeka hedifoni. Ni kitu kizuri, ila hakina macho. Tundu la hedifoni lililo mbele ya kompyuta linajua kwamba limechomekwa kwa sababu ya kibati kidogo kinachosukumwa, na vumbi likishindilia humo, au kibati kikipinda, mashine huamini kwamba kuna hedifoni siku zote, ikazinyima spika sauti. Kwa vumbi letu jekundu la Tororo wakati wa kiangazi, sioni ajabu. Pumzi ya nguvu na brashi laini huwa dawa. Na kama tundu limechoka kabisa, unaizima Auto-Mute, basi.

Mshukiwa mwingine ni waya wa picha wenyewe. HDMI na DisplayPort hubeba sauti pamoja na picha, kwa hiyo PipeWire inaweza kuamua kuipeleka sauti kwenye skrini, na skrini nyingi za ofisi hazina spika. Sauti inafika, haina mdomo wa kutokea. Hili halihitaji terminali: unafungua mipangilio ya sauti na kuchagua tundu la nyuma badala ya HDMI. Nimelitaja kwa sababu ni jambo la kubonyeza mara mbili tu, na kuna watu wanatozwa pesa za kadi mpya ya sauti kwa ajili yake.

Ufundi huu haukuja na kompyuta. Wazee waliokuwa wakitengeneza redio za transista waliujua kabla yetu. Redio ikiletwa bubu, mzee aliiwasha, akagusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa volumu. Spika ikivuma, basi kuanzia hapo kwenda mbele hakuna ubovu, na ugonjwa uko nyuma, upande wa kunasa mawimbi. Isipovuma, ni kinyume chake. Mguso mmoja, nusu ya redio imeachiwa huru. Kijana anayeandika aplay -l leo ni mjukuu wa bisibisi ile, hata kama hajawahi kuiona redio ya transista ikiwa wazi mezani.

Kuna jambo moja ambalo wazee hawakuhangaika nalo sana: ushauri una umri. Redio ya mwaka 1975 ilitengenezwa kwa namna ileile mwaka 1985. Linux haiko hivyo. ALSA iliingia rasmi kwenye kerneli ya 2.6 iliyotoka Desemba 2003. Mwaka 2004 Lennart Poettering akaanza kazi iliyokuja kuitwa PulseAudio, na kwa miaka kadhaa watu wakailaumu kwa kila kimya cha kompyuta, mara kwa haki, mara kwa kusingizia. Kisha Wim Taymans akatengeneza PipeWire, ambayo mwanzoni ilikusudiwa picha za video, ikaishia kuchukua na kiti cha sauti. Linux Mint iliipokea katika toleo la 22, Julai 2024. Kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa kwamba dawa ya kimya ni kuiondoa PulseAudio, jiulize kwanza maneno hayo yaliandikwa lini. Amri iliyoponya mashine mwaka 2010 inaweza kuilaza nyingine leo. Na amri inayoanza na sudo ambayo hujui inafanya nini, iache ilipo.

Picha iliyovimba ina hadithi nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu jibu lake unaweza kulishika mkononi. Skrini ikichomekwa hujitambulisha. Ndani yake kuna taarifa fupi iitwayo EDID, baiti 128 katika umbo lake la msingi, inayosema nani aliiunda, mwaka gani, na ukubwa gani wa picha inaupenda. Kwenye waya wa VGA taarifa hiyo hupita katika pini mbili tu, ya 12 na ya 15, kati ya pini kumi na tano. Pini hizo zikikatika, picha bado inaonekana, rangi zote zipo, lakini kompyuta haijui inazungumza na skrini gani. Inachukua tahadhari na kutoa 1024 kwa 768, ukubwa ambao karibu kila skrini inauweza. Skrini pana ya 1440 kwa 900 inaunyoosha, na duara linakuwa yai.

Fundi anauchomoa waya, anaugeuza kwenye mwanga wa dirisha na kuhesabu pini. Ya 9 ikikosekana hashtuki, nyaya nyingi zimetengenezwa bila hiyo. Ya 12 au ya 15 ikikosekana, au ikiwa imelala kwa kulazimishwa na mkono wa mwanafunzi, jibu ndilo hilo. Anaazima waya wa mashine ya jirani, picha inanyooka, na hakuna haja ya kugusa programu yoyote. Na kama waya mwingine haupatikani mpaka mtu ashuke mjini, anaandika cvt 1440 900, anapewa mstari wa vipimo, anaupa xrandr, na skrini inapata umbo lake. Hili linawezekana kwa sababu meza ya Cinnamon ya Mint bado huja ikitumia X, mfumo ulioanzia MIT mwaka 1984. Ubuntu na Fedora zimehamia Wayland, ambayo Kristian Høgsberg aliianza mwaka 2008, na huko amri ya xrandr haina meno.

Kadi za picha za Nvidia nitazipita haraka, maana shule chache huku zinazo. Kiini cha tatizo ni kwamba kampuni hiyo kwa miaka mingi iliificha kazi ya ndani ya kadi zake, hata Linus Torvalds akaionyesha kidole mbele ya hadhira katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland mwaka 2012. Sehemu ya kerneli ya draiva yake ilifunguliwa Mei 2022, na kwa kadi mpya tu. Skrini ikibaki nyeusi wakati wa kuwasha, fundi huongeza neno nomodeset kwenye mstari wa GRUB, mashine inawaka kwa picha ya kawaida, naye anapata nafasi ya kuweka draiva inayofaa.

Kwa nini basi “tuipige upya” bado inatamba? Kwa sababu kupiga upya kunaonekana kuwa ni kazi. Mteja anaona flash, anaona asilimia zikipanda, anaona saa nzima imepita, analipa bila kinyongo. Anayebonyeza herufi M anaambiwa, “Si umegusa tu?” Soko letu hulipa jasho kuliko fikra, na fundi mwenye njaa hujifunza kutoa jasho. Simlaumu sana. Ila mashine iliyopigwa upya bila kuulizwa itarudi na ugonjwa uleule, kwa kuwa vumbi bado liko kwenye tundu na pini bado imelala.

Fundi wa kweli ana sifa nyingine isiyoonekana haraka: hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hukiandika. Sauti ikirudi baada ya kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hujui ni kipi kilichoirudisha. Pia hueleza. Maandishi ya terminali ni ya Kiingereza, naye huyageuza kuwa Kidhopadhola, Kikhayo au Kiswahili ili mwalimu aelewe kilichotokea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu huria inaweza kuzungumza Kiswahili. Mafundi hawa wanaifanya kazi hiyo kwa mdomo, bila mradi wala mfadhili.

Mwalimu mkuu unayesoma haya, kabla hujaidhinisha malipo ya kupiga mashine upya, mwambie fundi aiwashe kwanza kwa flash ya Linux Mint bila kuiweka kwenye diski. Sauti ikilia na picha ikinyooka kutoka kwenye flash, vyuma vyako ni vizima na usinunue kitu. Kisha funga daftari kwa kamba pembeni ya meza, na usimlipe mtu ambaye hajaandika humo sauti ilifia wapi.